Sura ya Tatu: Shosho Anaitwa Kama Mimi

Katika nyumba nyingi za Mwihoko, mtoto huanza kuogopa kifo kwa sababu ya msongamano wa magari.

Hapa ni mahali pa watu wanaolala huku na kufanya kazi kwingine. Wazazi huamka gizani, hupita kwenye matope au vumbi kutegemea msimu, hushika matatu hadi Githurai 45 na kuendelea Nairobi. Jioni hurudi kwa njia ile ile. Barabara Kuu ya Thika ilizinduliwa mwaka 2012 ikiwa pana kuliko barabara yoyote tuliyokuwa tumeizoea, lakini mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni hakuna upana unaotosha. Mtoto wa miaka mitatu hayo hayamhusu. Mama akija, amekuja.

Kisha inafika siku, mara nyingi kati ya miaka minne na sita, ambapo kuchelewa kule kule kunapata maana nyingine. Mtoto anashika vyuma vya roshani na kuchungulia lango la ploti. Ugali umepoa. Anamuuliza dada wa kazi kama matatu ya mama imeanguka. Mama anapoingia saa tatu usiku, viatu vimejaa tope na mfuko wa sukuma wiki mkononi, mtoto hamkimbilii. Anamkaripia, “Ulikuwa wapi?” kwa sauti ya mwenye nyumba anayedai kodi.

Mama aliyechoka husikia utovu wa adabu. Mimi nasikia hesabu. Mtoto amegundua kwamba watu hufa, akakumbuka kwamba mama naye ni mtu, na tangu hapo kila jioni anangoja kuona jibu litakavyotoka.

Kifo chenyewe alikutana nacho mchana, mahali pasipotisha. Labda ni kifaranga kilichonyeshewa usiku. Labda ni mbwa aliyegongwa na bodaboda, akalala kando ya barabara siku nzima watu wakimzunguka. Mwaka 2025 kwa wengi ilikuwa televisheni: Raila Odinga alifariki India Oktoba 15, na siku iliyofuata mwili wake ukapelekwa uwanja wa Kasarani, kituo ambacho watoto wa huku hukipita kila wakienda mjini. Kwa siku kadhaa picha zilikuwa ni zile zile, jeneza, bendera, watu wazima wakilia. Watu wazima wakilia ndicho kitu mtoto alichokiona. Hakujua kwamba hilo linawezekana.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Hungaria, Maria Nagy, alichapisha matokeo ya kazi yake na watoto 378 wa Budapest na viunga vyake, wa miaka 3 hadi 10. Wale walio chini ya miaka mitano walikiona kifo kama kuondoka au kulala. Aliyekufa kwao alikuwa bado yuko, ila kwingine, na maisha yake yamepungua. Wa miaka mitano hadi tisa wengi walikipa kifo sura ya mtu anayekuja kuchukua watu. Watafiti wa baadaye katika nchi nyingine hawakumkuta sana mtu huyo, nami nadhani ni jambo la kushukuru. Lakini lile la kwanza, kwamba aliyekufa yupo kwingine akiendelea kidogo kidogo, limeonekana tena na tena.

Mark Speece na Sandor Brent, Wamarekani, walizipitia tafiti za namna hiyo mwaka 1984. Walionyesha kwamba kukielewa kifo hakuji kwa mkupuo. Kuna kujua kwamba aliyekufa harudi. Kuna kujua kwamba mwili wake hauoni, hausikii wala hauhisi njaa. Kuna kujua kwamba kila kilicho hai kitafika huko, mimi nikiwemo. Watoto wengi huyashika yote matatu kati ya miaka mitano na saba, lakini si lazima siku moja, na matatizo yako hapo. Mtoto aliyekwisha kujua kwamba guka, babu yake, harudi, lakini hajajua kwamba guka hahisi, ana jambo la kutisha zaidi kitandani mwake kuliko yule asiyejua lolote.

Na kwetu anapewa muda mrefu wa kuliwaza. Mwislamu wa Lamu au Mombasa akifa asubuhi, mara nyingi jioni amekwisha kuzikwa. Kwetu Kiambu, maiti hukaa mochari wiki nzima na pengine zaidi. Kila jioni jamaa hukutana nyumbani kwa marehemu kuomba, kuchanga na kupanga safari ya mazishi Murang'a au Nyandarua. Watoto wako pale pale chini ya turubai, chai mkononi, masikio wazi. Wanasikia mochari. Wanasikia friji. Wanasikia kwamba bili inapanda kila siku. Mtoto mmoja wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, alimuuliza baba yake kama wamempelekea guka sweta.

Baba alicheka, kisha akatoka nje akakaa kwa muda.

Swali lile lilikuwa na jibu, tena fupi: guka hahisi baridi, kwa sababu mwili wake umeacha kufanya kazi. Moyo haupigi, pumzi haiingii, ngozi haihisi. Virginia Slaughter wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia ameshughulika na jambo hili kwa miaka mingi. Yeye na wenzake waliona kwamba watoto wadogo wakifundishwa jinsi viungo vya mwili vinavyofanya kazi ili mtu aishi, wanakielewa kifo vizuri zaidi. Na mwaka 2007 yeye na Maya Griffiths wakaripoti kwamba wale wanaokielewa zaidi ndio wanaokiogopa kidogo. Hilo linapingana na tunavyofikiri sote, kwamba mtoto asipojua hataogopa. Asipojua, atajaza mwenyewe, na anayojaza huwa mabaya kuliko ukweli.

Lugha yetu ina staha nyingi kwa msiba. Ametutoka, ametangulia, amepumzika, amelala. Sina ugomvi na maneno hayo, watu wazima wanayahitaji, nami nimeyatumia makaburini. Lakini mtoto wa miaka mitano hajui kwamba ni staha. Ukimwambia shosho (bibi yake) amelala, atauliza ataamka lini, na usiku ule ule ataanza kudai taa iwashwe. Ukimwambia Mungu alimpenda shosho zaidi, mwerevu ataanza kufanya makusudi ili asipendwe kiasi hicho. Msije mkamchapa bure.

Baya kuliko yote, kwa mtoto wa Mwihoko, ni “amesafiri.”

Si ajabu katika ploti moja ya huku kumpata mtoto ambaye mama yake kweli amesafiri. Yuko Saudia, Qatar au Dubai, akifanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, na mtoto amebaki na shosho. Mtoto huyo anaijua safari vizuri kuliko sisi. Safari ni begi jipya lililofungwa kwa utepe, ni kuamkia uwanja wa ndege, ni uso wa mama kwenye simu siku ya mapumziko, ni pesa za karo, ni “nitakuja ukiwa darasa la kwanza.” Sasa shosho anakufa, na shangazi mwenye huruma anamwinamia na kumwambia shosho amesafiri. Mtoto ana njia mbili za kulielewa hilo. Ama shosho atapiga simu, na kwa kuwa hapigi, basi amemkasirikia. Ama mama yake yuko kule kule aliko shosho, kwenye sanduku. Nimewahi kumwona mtoto akikataa kuishika simu mama alipopiga kutoka Riyadh. Watu walisema ameshasahau mama. Alikuwa akikumbuka mambo mawili kwa pamoja.

Kwa mtoto huyo lazima safari na kifo vitenganishwe kwa maneno makavu. Mama amesafiri, anakula, anafanya kazi, anaongea nawe, mkataba ukiisha atarudi. Shosho amekufa, hali, haongei, hawezi kurudi hata akitaka. Ndiyo, neno lenyewe litamke. Nimeona watu wakizunguka mbuyu nusu saa ili tu wasiseme “amekufa” mbele ya mtoto ambaye mchana alikuwa akipiga kelele uwanjani, “Umekufa! Toka mchezoni!”

Halafu kuna suala la majina, ambalo vitabu vya Budapest na Queensland havikulijua.

Kwa Wagĩkũyũ binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili la mama yake mama, na wavulana vivyo hivyo kwa babu zao. Waluo na Waluhya wa ploti ile ile nao wana njia zao za kurithisha majina ya waliokufa. Ni utaratibu ninaoupenda. Baba humwita binti yake mdogo “maitũ,” mama yangu, bila mzaha wowote, na shosho humtania mjukuu wa kiume kwamba ndiye mume wake, kwa kuwa ana jina la mumewe. Babu na mjukuu huhesabiwa rika moja. Pwani nako babu na mjukuu hutaniana, ila huku utani umeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Tuseme basi mtoto anaitwa Wambui. Yuko PP2, na ushindi wake mkubwa wa mwaka ni kwamba anaweza kulisoma jina lake. Amelisoma kwenye kikombe cha uji, kwenye kola ya sweta, kwenye daftari. Shosho anakufa. Ijumaa inaletwa bunda la programu za mazishi, karatasi ya kung'aa, picha ya rangi, maua pembeni. Wambui anachukua moja na kuanza kusoma herufi moja moja kwa sauti, kama mwalimu alivyomfundisha. Anafika mwisho wa neno. Anaigeuza programu kifudifudi na kuisukuma chini ya kochi.

Huyo alikuwa mtoto wa jirani, na jina nimelibadilisha. Jioni zote za maombi alikuwa amesikia “Wambui amepumzika,” “tumzike Wambui kwa heshima,” “Wambui alikuwa mcha Mungu.” Na mjomba mmoja, akitaka kufariji, alimnyanyua mbele ya wageni wote akasema, “Wambui hajafa, huyu hapa!” Makofi yakapigwa. Kwa watu wazima lile lilikuwa neno zuri, na ni la kweli kwa namna yake. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, aliandika katika kitabu chake cha 1969 kwamba marehemu huendelea kuwa hai kwa kiasi fulani maadamu wapo wanaomjua kwa jina, na akatumia maneno yetu mawili, sasa na zamani, kueleza wafu wako upande gani wa wakati. Wambui alikuwa ndiye sasa ya shosho yake. Lakini alikuwa na miaka mitano, na alichoelewa ni kwamba kulikuwa na Wambui mmoja tu, na huyo anazikwa Jumamosi.

Kilichomsaidia ni mama yake kukaa naye sakafuni na kuhesabu akina Wambui wanaowajua. Yule wa kioski cha mboga. Yule wa shule ya Jumapili. Binamu yake wa Ruiru. Mmoja tu ndiye aliyekufa, naye alikuwa mzee, na alikuwa mgonjwa wa presha tangu zamani. Alimpa jina lake, hakumpa ugonjwa wala siku yake ya kufa. Nadhani kila familia inayorithisha majina ingefaa kuyasema hayo kabla programu hazijaletwa.

Kuhusu mazishi yenyewe, tumerithi tabia mbili zisizopatana. Zamani za Wagĩkũyũ, kugusa maiti kulileta thahu, unajisi uliohitaji kutakaswa, na wengi hawakuzikwa kabisa, ila walipelekwa porini. Watoto hawakuwa na la kufanya karibu na kifo. Kisha zikaja misheni na sheria za serikali, na kaburi likawa jambo la kila boma. Leo tuna hema, wapiga picha, watu walio ng'ambo wakifuatilia kwa simu, na foleni ya kuutazama mwili. Kimya cha zamani tumebaki nacho, na jeneza wazi tumelipokea. Kwa hiyo mtoto haambiwi lolote wiki nzima, kisha Jumamosi anashikwa bega na kusukumwa kwenye foleni. Ama tungemficha kama wazee wetu, ama tungemweleza. Haya mawili kwa pamoja hayafai.

Kumpeleka mtoto mazishini si kosa. Aelezwe kabla: kutakuwa na watu wengi, wengine watalia kwa sauti, sanduku litashushwa shimoni, udongo utarudishwa. Asilazimishwe kuangalia. Na apewe mtu mzima mmoja asiye na msiba mzito, ambaye kazi yake siku hiyo ni yeye tu, wa kumpeleka chooni na kuondoka naye akitaka kuondoka. Mama yake hawezi kuwa mtu huyo. Anamzika mama yake.

Msomaji mcha Mungu, nao ni wengi Mwihoko, ambako usiku wa Ijumaa spika za makanisa hushindana hadi manane, atauliza mbinguni pameachwa wapi. Hapajaachwa. Rita Astuti na Paul Harris walichapisha mwaka 2008 kazi waliyoifanya kwa Wavezo wa Madagaska, watu wanaoishi karibu sana na mizimu yao. Waliuliza, mtu akifa, je, moyo wake hupiga? Macho huona? Huwakumbuka watoto wake? Watoto wa miaka kama saba wengi waliona kwamba yote yamekoma. Ni wakubwa zaidi, na watu wazima, waliosema kwamba moyo umekoma lakini kumbukumbu ingaliko, hasa wakiulizwa habari za kaburini na mababu. Yaani imani haikuwa ya utotoni ikafutwa na akili. Ilikuja baadaye, juu ya ujuzi wa mwili. Kwa hiyo mpe mtoto mwili kwanza. Ukimpa mbinguni kabla ya hapo, ataweka mbinguni mtu mwenye njaa na baridi, na ataanza kuuliza kama kuna ngazi.

Na lile swali la jioni, kama mama naye atakufa? Wengi wetu hujibu “sitakufa,” kwa kuwa saa tatu usiku hakuna aliye na nguvu ya jibu refu. Ahadi hiyo ina tatizo moja: mtoto anajua huwezi kuitimiza, na sasa amejua kwamba juu ya jambo hili unadanganya. Nilimsikia mama mmoja akifanya vizuri zaidi, huku akimenya viazi.

“Mama, wewe utakufa?”

“Siku moja. Natarajia nitakuwa mzee kumpita shosho, na wewe utakuwa na watoto wako.”

“Na ukifa leo?”

“Utakaa na tata wa Kimbo. Tumeshaongea naye.”

Mtoto alifikiri. “Na kitanda changu?”

“Tutakihamisha.”

Akaenda kucheza. Alichokuwa akiogopa hakikuwa kifo, kwa maana tunayoipa sisi. Alikuwa akiogopa asubuhi yake: nani atamfunga kamba za viatu, atalala wapi, nani anajua kwamba hanywi maziwa yenye utando. Hayo yanajibika. Lakini tata wa Kimbo, yaani shangazi, awe ameulizwa kweli.

Kuna usiku ambao jibu la uzee halikutosha. Juni 25, 2024, siku ambayo waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni, risasi zilisikika Githurai hadi usiku. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa kwa muda mrefu baadaye. Watoto wa Mwihoko na Kimbo hawakuhitaji idadi, walikuwa na masikio. Waliouawa siku hiyo nchini wengi walikuwa vijana, umri wa kaka zao, na mtoto aliyeambiwa kwamba watu hufa wakizeeka alijua kwamba ameambiwa nusu. Kwa mtoto wa namna hiyo afadhali useme nusu ya pili: wakati mwingine watu huuawa, ni vibaya, sisi tumekasirika pia. Kisha yaliyo karibu. Mlango umefungwa. Baba yuko ndani. Kesho tutakwenda dukani pamoja tuone barabara. Video zilizokuwa zikizunguka kwenye simu usiku ule ni za kufutwa kabla hajaamka, maana mtoto anayeiona video mara kumi huamini watu kumi wameuawa.

Watoto wenyewe, wakiachwa, wana namna yao ya kuchunguza. Katika ploti moja walimzika kifaranga ndani ya kopo la Blue Band, nyuma ya tangi la maji. Kalongolongo yao ilikuwa kamili: mmoja alikuwa pasta, mmoja emsii, vizibo vya soda vilichangwa, na mvulana aliyejifanya mbunge aliambiwa na emsii asilete siasa kwenye matanga. Siku ya tatu walimfukua. Walikuwa wamehesabu, kama walivyofundishwa shule ya Jumapili. Mtunzaji wa ploti alitaka kuwafukuza, mimi ningewaacha, na bahati nzuri aliitwa kufungua lango. Walikuta siafu. Pasta alichungulia, akafunika kopo, akatangaza kwamba kuku hawafufuki, ni watu tu. Emsii akasema shosho yake alizikwa Aprili na hajafufuka bado. Mdogo wao akataka kujua kama basi huyu kifaranga angeweza kupikwa, na wakabishana juu ya hilo mpaka walipoitwa kuoga.